Safu ya Sita

Kaunta buku ile ilikuwa imepigwa mistari kwa rula, safu sita: namba, jina, jinsi, umri, alikotoka, na sababu ya kuingia nchini. Nilikuwa nimeketi kushoto kwa afisa aliyekuwa akiandika, juu ya kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja ulikuwa umekatika na kuwekewa kipande cha tofali, na kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kutafsiri tu, macho yangu yalipata nafasi ya kuifuata kalamu. Mtu wa kwanza alipomaliza kujibu, afisa aliandika katika safu ya sita: "kuingia bila kibali". Kwa mtu wa pili aliweka alama mbili ndogo za kurudia, zile tunazowaonyesha watoto darasani wazitumie wasichoke kuandika neno lilelile. Wa tatu hivyo hivyo, wa nne hivyo hivyo. Ukurasa ulipofika chini, alama zile zilikuwa zimeteremka kama msafara wa siafu: watu 31, sababu moja.

Ilikuwa mwaka 2021, majuma machache baada ya mji wa Palma, ng'ambo ya Mto Ruvuma nchini Msumbiji, kushambuliwa na magaidi tarehe 24 Machi. Kijiji, cha mkoani Mtwara kusini mwa Tanzania, sitakitaja, wala ofisi iliyokuwa na dhamana ya watu wale. Jengo lilikuwa ghala la korosho la chama cha msingi, tupu kwa sababu msimu ulikuwa umekwisha, ingawa harufu ya magunia ilikuwa bado imeshika ukutani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na niliitwa kwa sababu ya lugha. Wale waliotoka Palma na pwani yake walikuwa na Kiswahili chao, wengine kizuri kuliko cha baadhi ya wanafunzi wangu. Lakini waliotoka ndani, upande wa Nangade, walikuwa na Kimakonde na Kireno, na afisa, kijana wa mikoa ya kaskazini, hakuwa na hata kimoja. Kimakonde ninacho kwa wazazi wote wawili. Kireno ninacho cha kuokoteza, kwa mama, ambaye habari zake nitazieleza baadaye.

Miongoni mwao alikuwamo fundi cherehani, mwanamume wa makamo, aliyebeba kichwa cha cherehani kilichofungwa kwa kanga. Meza na pedeli alikuwa ameviacha. Alikipakata kama mtoto muda wote wa mahojiano, na alipoitwa kutoa jina alikilaza kwanza sakafuni, taratibu, akahakikisha hakitaanguka ubavu, ndipo akajibu. Nyuma yake alikuwapo mama mmoja wa Nangade ambaye hakungoja kuulizwa. "Mwanangu," aliniambia kwa Kimakonde, "mwambie huyo mkubwa kwamba kaka yangu wamemchinja, na nyumba zote za upande wetu zimeungua." Nikamtafsiria afisa neno kwa neno. Afisa yule hakuwa mtu mbaya, na ningependa msomaji alishike hilo, kwa sababu tungekuwa na kazi rahisi kama angekuwa mbaya. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni ambayo naamini ilikuwa ya kweli, kisha akasema, "Mwalimu, mwambie hayo atayaeleza huko mbele." Nikamwambia mama yule kwamba atayaeleza huko mbele. Akashukuru, akarudi kukaa kwenye gunia lake.

Walilala pale usiku mbili, mlango ukitiwa kufuli kuanzia magharibi. Asubuhi ya siku ya tatu lilikuja fuso, wakapandishwa, likashika njia ya Mtambaswala kuelekea darajani. Huko mbele palikuwa Negomano, yaani Msumbiji, katika jimbo lilelile la Cabo Delgado walilolikimbia.

Usiku wa kwanza nilikuwa nimeuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka ugomvi, kama watu hawa wamekamatwa. "Hapana, mwalimu," nikajibiwa, "tumewahifadhi tu." Nimeishi na neno hilo tangu siku ile, kwa sababu sheria zetu zinapomtaja mtu wa namna yao humwita mwomba hifadhi, na hakuna hata mmoja mle ghalani aliyelitamka neno "hifadhi" kwa maana hiyo. Wangelitoa wapi? Kwa mtu wa huku kwetu hifadhi ni mahali pa wanyama. Ni Selous ya zamani, ambayo sehemu yake kubwa sasa inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, au ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 ili kulinda matumbawe, mikoko na kasa. Mtu anayevuka mlango wa Ruvuma kwa mtumbwi usiku anaingia hifadhini kwa maana hiyo moja kabla hajafikiria maana ya pili. Na ipo maana ya tatu, ile ya maiti kuhifadhiwa hospitali kusubiri ndugu. Ya yule afisa ilikuwa ya nne: kufungiwa bila kuitwa mfungwa. Ndiyo niliyoiogopa kuliko zote, kwani aliyekamatwa walau ana haki za aliyekamatwa, ana jalada, ana siku ya kufikishwa mahakamani. Aliyehifadhiwa hana mahali pa kulalamikia hifadhi yake.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inatambua kwamba mkimbizi haingii nchini na pasipoti mkononi. Inampa siku saba za kujitokeza kwa mamlaka iliyo karibu naye, na kwa busara ambayo mtu wa kijijini anaielewa mara moja, mtendaji wa kijiji ametajwa miongoni mwa wanaoweza kupokea taarifa yake. Mtendaji hapewi kazi ya kuamua nani ni mkimbizi. Uamuzi huo una ngazi zake, kuna kamati ya kitaifa inayopitia maombi, na mwisho wake uko wizarani. Mtendaji, askari, afisa uhamiaji wa mpakani, hata mkalimani wa kuokoteza kama mimi, kazi yao ni moja: kuhakikisha kwamba maneno ya mtu yanafika kwa anayeamua. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1964, unakataza katika ibara ya 31 kumwadhibu aliyekimbia hatari kwa sababu tu ya kuingia bila kibali, iwapo amejitokeza bila kuchelewa na kueleza sababu yake. Kwa hiyo "kuingia bila kibali" haiwezi kuwa jibu la safu ya sita. Hiyo ni namna ya kuingia, wala si sababu. Mwanafunzi wangu wa darasa la tano akiulizwa kwa nini hakuja shuleni, akajibu "kwa kutokuja", nitamrudishia daftari.

Sisemi kwamba kumzuia mtu mpakani ni kosa wakati wote. Ibara hiyohiyo inaruhusu serikali iweke vizuizi vya mwendo vilivyo vya lazima, na miongozo ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ya mwaka 2012 kuhusu kizuizi inakubali kwamba mtu anaweza kuzuiwa kwa muda mfupi ili ajulikane ni nani na anatoka wapi. Inachodai ni kwamba ulazima huo upimwe kwa kila mtu peke yake, muda uwe na kikomo, na njia nyepesi zifikiriwe kwanza. Pale ghalani njia nyepesi ilikuja kwa miguu. Bibi mmoja wa kijiji kile alifika na sufuria ya uji wa muhogo kichwani, akasema yule mama wa Nangade ni wa ukoo wao, ametajiwa mababu mpaka wa nne na wote anawajua, na kwamba yuko tayari kukaa naye nyumbani na kumleta kila asubuhi aonekane. Uji ukapokelewa. Bibi akaambiwa arudi.

Na katika wale 31, kwa hesabu ya safu ya umri, 14 walikuwa watoto. Mkataba wa Haki za Mtoto, katika ibara ya 37, unataka kumfungia mtoto kuwe hatua ya mwisho kabisa na kwa muda mfupi kuliko wowote unaowezekana. Mle ndani ilikuwa hatua ya kwanza, kwa sababu hapakuwa na iliyofikiriwa kabla yake.

Najua atakayenijibu, na ana haki ya kunijibu. Tarehe 14 Oktoba 2020, miezi mitano hivi kabla ya Palma, kijiji cha Kitaya, hapahapa mkoani Mtwara, kilivamiwa na watu waliovuka Ruvuma. Jeshi la Polisi lilisema walikuwa wapatao 300. Waliua, walichoma nyumba, wakarudi ng'ambo. Wiki ile mimi mwenyewe nililala na viatu mguuni, na mke wangu alifunga vyeti vya watoto katika mfuko wa nailoni akavitundika karibu na mlango wa uani. Mtu asituambie kwamba hofu ya watu wa bonde la Ruvuma ilitoka redioni. Afisa yule aliyekuwa akiandika alikuwa ameletwa Mtwara kwa ajili ya hofu hiyo, na alimtazama kila mwanamume aliyeketi sakafuni mara mbili, mara ya kwanza usoni na mara ya pili mikononi.

Lakini hofu hiyo ndiyo inayonifanya niulize zaidi. Kama kweli tulidhani kwamba kati ya wale 31 yumo mtu wa magaidi, tungewahoji mmoja mmoja, kwa undani, tungemtenga tunayemshuku na kumfungulia mashitaka. Alama ya kurudia haimkamati mtu wa namna hiyo, inamficha. Inamweka yeye na fundi cherehani katika mstari mmoja, na fuso linawachukua wote pamoja. Waafrika walioandika Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 hawakuwa watu wa ndoto, walikuwa wakipakana na vita, na Msumbiji ilikuwa mojawapo ya vita hivyo. Ndani yake waliandika kwamba mkimbizi ni pamoja na anayekimbia machafuko makubwa yaliyoikumba nchi yake nzima au sehemu yake. Wakaandika kwamba mtu asizuiwe mpakani wala asirudishwe mahali maisha yake yalipo hatarini. Kisha, kwa ajili ya usalama wa nchi inayopokea, wakaandika kwamba wakimbizi wawekwe umbali wa kutosha kutoka mpaka wa nchi waliyoikimbia. Jibu la Kitaya lilikuwa limeandikwa miaka 51 kabla ya Kitaya.

Tena tulikuwa tumelitekeleza kabla halijaandikwa. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, watu walivuka Ruvuma kwa maelfu, na serikali ikawaanzishia makazi mbali na mto: Rutamba, mkoani Lindi, ni mojawapo, na upande wa Ruvuma yalikuwapo ya Muhukuru na Lundo. Mama yangu alilelewa Rutamba. Alivuka akiwa na umri wa miaka tisa hivi, pamoja na bibi yangu na mbuzi mmoja ambaye hadithi yake hubadilika kila inaposimuliwa. Nachingwea kulikuwa na kambi ya wapiganaji wa FRELIMO, hapa Mtwara mjini kulikuwa na hospitali yao, na hakuna aliyeshangaa kwamba nchi iliyopata uhuru wake juzi imebeba mzigo wa jirani. Sitaki kuipamba enzi hiyo kupita kiasi. Sheria ya wakati ule, ya mwaka 1965, jina lake lenyewe lilikuwa la kudhibiti wakimbizi, na aliyetoka Rutamba bila ruhusa alikuwa na makosa ya kujibu. Mama anakumbuka hilo vizuri kuliko anavyokumbuka nyimbo. Hata hivyo ulikuwa udhibiti wa mtu ambaye kwanza umekwisha kumkubali.

Yaliyotokea mwaka 2021 hayakuwa ya ghala moja. Wakati huo zaidi ya watu laki saba walikuwa wameyahama makazi yao Cabo Delgado, na mwezi Julai UNHCR ilitangaza kwamba tangu Januari watu zaidi ya 9,600 waliotafuta hifadhi Tanzania walikuwa wamerudishwa Msumbiji kupitia Negomano. Nililisoma tangazo hilo kwenye simu nikiwa kituo cha basi, nikajaribu kugawanya 9,600 kwa 31, kama mwalimu wa hesabu afanyavyo hata asipotaka. Ni kurasa zaidi ya 300 za kaunta buku.

Walipitia kwenye Daraja la Umoja, mita 720 za zege ambazo Nyerere na Samora walizitamani na ambazo Kikwete na Guebuza, marais wa wakati huo wa nchi hizi mbili, walizizindua mwezi Mei 2010. Nilikuwapo siku hiyo na wanafunzi wangu, wamevaa sare zilizofuliwa, wakiimba juani. Mto wenyewe ulifanywa mpaka na Wajerumani na Wareno katika makubaliano ya tarehe 30 Desemba 1886, na hata wao hawakuelewana nao vizuri, maana Wajerumani baadaye walijichukulia Kionga, kusini mwa mto, na Wareno wakaja kuirudisha katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wamakonde wa huku na wa kule hawakuulizwa mwaka 1886 pia.

Na kabla ya Wamakonde wa Nangade, tulikuwa tumewazoea Waethiopia na Wasomali. Kwa miaka mingi wamepita kusini mwa Tanzania wakielekea Afrika Kusini, wamefichwa katika malori ya mizigo au wakiteremka pwani kwa majahazi, na mwaka 2012 zaidi ya 40 kati yao walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa ndani ya lori mkoani Dodoma. Wanaokamatwa hupelekwa mahakamani kwa kosa la kuingia nchini bila kibali, hufungwa, na wengine wakimaliza kifungo hubaki gerezani kwa sababu hakuna nauli ya kuwarudisha kwao, mpaka Shirika la Kimataifa la Uhamiaji liwasaidie. Mwaka 2011 UNHCR ilipaza sauti kuhusu watu wa Pembe ya Afrika waliokuwa wakifukuzwa kutoka upande wa Msumbiji hadi Ruvuma, wengine wakiwa wamepigwa na kuporwa. Kwa hiyo mto huu umekwisha kutumika kusukumia watu pande zote mbili. Wengi katika wasafiri hao wanatafuta kazi, sibishi. Lakini yuko mmoja anayekimbia gereza la kisiasa au jeshi lisilo na mwisho, na huyo hatajulikana kamwe kama safu ya sita inajazwa kabla hajafungua kinywa, tena kwa lugha ambayo hakuna mkalimani wake kutoka Mtwara hadi Lindi.

Nilipoanza kusoma mambo haya, usiku, baada ya kusahihisha madaftari, kesi iliyonishika haikutoka Afrika ingawa walalamikaji walikuwa Waafrika. Tarehe 6 Mei 2009 meli za Italia ziliwakuta Wasomali na Waeritrea baharini, kusini mwa kisiwa cha Lampedusa, zikawapakia na kuwarudisha Tripoli, Libya, bila kuwauliza chochote. Kati yao 24 walifungua kesi, na tarehe 23 Februari 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Italia ilikosea. Italia ilijitetea kwamba watu wale hawakuomba hifadhi. Mahakama ikajibu kwamba kutoomba kwao waziwazi hakukuiondolea Italia wajibu wa kujua watakutana na nini huko wanakorudishwa. Hukumu hiyo haiifungi Tanzania, wala hakimu wa Mtwara hana sababu ya kuijua. Mimi ilinikosesha usingizi kwa sababu nilikuwa nimejifariji kwa hoja ileile ya Italia. Nilikuwa nimejiambia kwamba mama yule alisema kaka yake amechinjwa, lakini hakusema "naomba hifadhi", na mkalimani hatakiwi kuongeza neno.

Hatakiwi, kweli. Ila nilikuwa na uwezo wa kuuliza. Nilikuwa na uwezo wa kumwambia afisa, "Afande, nadhani huyu mama anaomba kubaki, na sheria ina utaratibu wake," halafu nikaona atajibu nini. Pengine angeandika sentensi tofauti. Pengine angenirudisha nyumbani na kutafuta mkalimani mwingine, na bodaboda wa kunirudisha alikuwa anangoja nje, nimekwisha kulipiwa.

Mwezi uliopita nilimsimulia mama habari hii yote kwa mara ya kwanza. Tulikuwa uani kwake Mikindani, anachambua kunde. Hakusema kitu kuhusu fuso wala kuhusu daraja. Aliniambia kwamba walipofika Rutamba waliketi foleni chini ya mwembe, na karani, Mtanzania mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimuuliza bibi swali moja: "Mama, mmekimbia nini?" Bibi akaanza kueleza. Alieleza habari za Mueda, tangu watu walipopigwa risasi na askari wa Wareno mwaka 1960, akaeleza habari za mume wake, akaeleza mpaka watu wa nyuma katika foleni wakaanza kunung'unika, na karani akawa anaandika tu, hata akageuza ukurasa.

"Huyo wenu aligeuza ukurasa?" mama akaniuliza, bila kuinua macho kwenye ungo.

Nikamwambia ukurasa ulikuwa mmoja.